KHUTBA YA IJUMAA: SOTE NI WA ADAM

Sifa zote njema ni za Allah, Bwana wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Ndugu waislamu, watoto wetu wa sekondari wanarudi nyumbani wakiuliza: je, mtu ametokana na nyani? Jibu letu mnalijua. Baba yetu ni Adam, na Adam ni wa udongo. Lakini leo tuangalie fikra hiyo ilimfanya nini mtu wa nchi yetu.

Mwaka 1871 Charles Darwin wa Uingereza aliandika kitabu juu ya asili ya mtu. Alikubali kwamba watu wote ni jinsi moja. Haki isemwe hata kwa tusiyekubaliana naye. Lakini aliwaweka chini wale aliowaita washenzi, na waliomfuata wakajenga ngazi kamili: nyani, juu yake mtu mweusi, juu kabisa Mzungu.

Ota Benga alikuwa Mkongomani, katika wale tunaowaita mbilikimo. Mwaka 1904 Mmarekani Samuel Verner alimpeleka kwenye maonyesho ya St. Louis. Septemba 1906 akawekwa katika nyumba ya nyani, pamoja na orangutani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Maelfu walikuja kumtazama na kumcheka. Waliomtetea mpaka akatolewa ni wachungaji weusi wa Kikristo. Kongo hakurudi tena. Machi 1916 alijiua kwa bastola huko Virginia. Wenye bustani ile waliomba radhi mwaka 2020.

Sasa tusiwahukumu Wazungu peke yao. Wa kwanza kupima utukufu kwa asili ni Iblisi, aliyejiona bora kwa sababu yeye ni wa moto. Na katika Sura Al-Israa, aya ya 70, Allah ametujulisha kwamba amewatukuza wanadamu. Hakubagua warefu na wafupi.

Ijumaa iliyopita ndugu yetu Mmbuti, aliyesilimu mwezi wa Rajab, alisimama safu ya kwanza. Mmoja wetu akakunja mkeka wake, akarudi nyuma. Kwenye karamu moja alipewa chakula juu ya jani, wengine wote kwenye sahani. Waliofanya hivyo hawajasoma Darwin. Wanamwamini Adam kama mimi.

Nimemwambia muadhini amtandikie leo pale pale, nyuma ya imamu. Baada ya swala mimi na yeye tutakula sahani moja hapa barazani. Anayetaka, anawe mikono, akaribie.

Wabillahi tawfiq.