Mkono wa Serikali Katika Mali ya Watu

Serikali haiwezi kuishi bila fedha. Askari hula, madaraja hujengwa, mwalimu na mganga hulipwa mishahara, na gharama hizo zote hutoka katika mfuko mmoja, nao ni mfuko wa raia. Kwa hiyo hatuulizi kama serikali yafaa kuchukua sehemu ya mali ya watu, maana hilo halina budi. Twauliza hivi: je, nia njema ya mtawala yatosha kuhalalisha kuchukua kwake? Tukijibu kwamba yatosha, twampa kila mtawala ufunguo wa kila nyumba, kwa kuwa hajazaliwa mtawala asiyesema kwamba nia yake ni njema.

Tulitazame jambo hili kwanza darasani. Tuseme wanafunzi 40 wamechanga shilingi 200 kila mmoja ili wanunue mipira na wavu. Mweka hazina wao aona kwamba wenzake ni dhaifu katika lugha, basi azichukua zile shilingi 8,000 na kununua kamusi. Kamusi ni kitu chema, tena hakuiba hata senti moja. Hata hivyo darasa lanung'unika, nalo lina haki. Kilichopotea si fedha, bali ni uwezo wao wa kuamua juu ya kilicho chao. Mweka hazina amewatendea wenzake kama watoto wasiojua jema na baya, naye amejifanya mzazi ambaye hakuna aliyemchagua.

Kosa kama hilo liliwahi kuitikisa nchi nzima. James wa Kwanza alipotwaa kiti cha enzi cha Uingereza mwaka 1603, ilitazamiwa kwamba mfalme angeendesha serikali kwa mapato yake mwenyewe, yaani kodi za mashamba yake, ushuru wa forodha na ada za zamani. Bunge lilimwongezea fedha pale alipoliomba. Lakini bei za vitu zilikuwa zimepanda, na James alikuwa mwepesi wa kuwatunuku vipenzi wake. Mwaka 1610 mweka hazina wake, Robert Cecil, alileta shauri kwamba mfalme aziache baadhi ya haki zake za kale, naye apewe pauni 200,000 kila mwaka. Mapatano hayo yalivunjika, kwa kuwa kila upande uliushuku mwenzake.

Mwanawe, Charles wa Kwanza, alirithi ufalme mwaka 1625 na shida ile ile. Mwaka 1628 alikubali mbele ya Bunge kwamba mtu asitozwe kodi bila idhini ya Bunge. Mwaka uliofuata alilivunja Bunge, wala hakuliita tena hadi mwaka 1640. Ilikuwapo desturi kwamba miji ya pwani itoe merikebu au fedha za merikebu wakati wa hatari. Charles aliifufua desturi hiyo mwaka 1634, na mwaka 1635 akaieneza hata katika majimbo ya bara yasiyoona bahari. Msomaji, usidhani kwamba haja yake ilikuwa ya uongo. Maharamia walikuwa wakiwateka mabaharia wa Kiingereza, na fedha zile zilitumika kweli kwa jeshi la majini. Lakini John Hampden, mtu mwenye mali, alikataa kulipa shilingi 20. Hakukosa shilingi 20; alichokataa ni kutozwa bila kuulizwa. Kesi yake ilisikizwa na mahakimu 12, na 7 kati yao walimpa ushindi mfalme. Ushindi huo haukudumu. Mwaka 1641 Bunge liliiharamisha kodi hiyo, mwaka 1642 vita vikazuka, na mwaka 1649 mfalme akakatwa kichwa. Vita vile vilikuwa na sababu nyingine pia, hasa za dini. Lakini ugomvi wa fedha ulikuwa miongoni mwa mizizi yake.

Mtu angedhani kwamba taifa lililopata somo hilo kwa damu lisingelisahau. Lakini maafisa wa Taji la Uingereza walipoitawala nchi yetu, somo hilo walikuwa wameliacha ng'ambo. Kodi ya nyumba iliwekwa mwaka 1901, na Wakamba walioilipa hawakuwa na mwakilishi katika baraza lolote lililoamua matumizi yake. Sheria ya mwaka 1915 iliihesabu hata ardhi waliyoikalia kuwa mali ya Taji.

Kisha yakaja mambo ya mwaka 1938. Udongo wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Makueni, ulikuwa ukimomonyoka vibaya. Serikali iliona kwamba mifugo ni mingi kupita kiasi, ikaamuru ipunguzwe. Ng'ombe walikamatwa katika vilima vya Iveti, wakauzwa kwa mnada kwa bei duni. Tena, kama katika habari ya merikebu, haja ilikuwa ya kweli: ardhi ilikuwa hatarini. Lakini kwa Mkamba ng'ombe alikuwa akiba ya siku ya njaa na mahari ya mwana. Aliyemchukua bila ridhaa alichukua kesho ya jamaa nzima. Mwezi wa Julai watu zaidi ya elfu moja, wake kwa waume, waliongozwa na Muindi Mbingu hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Hawakuchukua silaha, walitaka kusikilizwa tu. Muindi alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha serikali iliuacha mpango wa kuuza ng'ombe kwa nguvu.

Labda msomaji atapinga: je, watu wakikataa jambo la lazima, serikali ikae kitako udongo ukichukuliwa na mvua? Pingamizi hilo ni zito, wala halifai kudharauliwa. Watu wengi waweza kukosea kama mtu mmoja, na yako mambo yasiyoweza kungoja. Lakini tazama yaliyofuata Ukambani. Kazi ya kulima matuta kwa shuruti ilichukiwa. Katika miaka ya 1950, ilipokabidhiwa vikundi vya mwethya vilivyochagua viongozi wao wenyewe, ilikwenda mbio. Wataalamu walioichunguza wilaya hiyo baadaye walikuta kwamba watu waliongezeka kutoka 238,000 mwaka 1932 hadi 1,393,000 mwaka 1990, na hata hivyo mmomonyoko ulikuwa umepungua. Mkono ulioridhika uliikinga ardhi ambayo fimbo ilishindwa kuikinga. Kwa hiyo kumwuliza mwenye mali si kupoteza wakati. Mara nyingi ndiyo njia fupi ya kulifikia jema lenyewe.

Lakini kuuliza ni nusu ya wajibu. Nusu ya pili ni kutoa hesabu. Hazina ya Uingereza ya zamani ilitumia kijiti kilichokatwa alama kwa kadiri ya fedha zilizolipwa. Kijiti kilipasuliwa kwa urefu. Nusu moja ilikaa Hazina, na nusu ya pili alipewa mlipaji. Hakuna aliyeweza kuongeza alama kwa siri, kwa maana nusu mbili zikikutanishwa, uongo ulionekana. Wahenga wetu nao walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Wala tusidhani kwamba hatari hiyo iliondoka pamoja na wageni. Katiba yetu ya mwaka 2010 yataka fedha za umma zitumiwe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha watu, na serikali za kaunti zilianza mwaka 2013. Mwaka uliofuata, huko Makueni, gavana na bunge la kaunti waligombania bajeti, hata mwezi wa Septemba risasi zikalia Wote. Watawala wote wale walikuwa wenyeji, nao walichaguliwa kwa kura. Raia waliomba kaunti ivunjwe. Tume iliundwa kulichunguza ombi lao, na mwaka 2015 Rais aliamua isivunjwe. Makueni ikaja kujulikana kwa jambo jema zaidi: kamati za raia kusimamia miradi, na kutia sahihi kabla mkandarasi hajalipwa. Hapo nusu ya kijiti imerudi mkononi mwa mwananchi.

Basi jibu la swali letu ni kwamba nia njema haitoshi. Mtawala mwema huuliza kabla ya kuchukua, na huonyesha baada ya kutumia. Akikosa la kwanza ni mnyang'anyi mwenye adabu; akikosa la pili amewanyima watu njia ya kumtofautisha na mwizi.

Lakini neno hili lina makali pande mbili. Raia asiyehudhuria mkutano wa bajeti, iwe Mwingi au Mutomo, Wote au Kibwezi, ameitupa nusu yake ya kijiti kwa mkono wake mwenyewe. Na yule anayetaka zahanati na barabara, huku akikwepa kodi iliyowekwa kwa haki, hana tofauti na mtawala anayemlaumu, kwani naye achukua mali ya wenzake bila idhini yao. Nawe, kijana, usingoje kupewa wizara ndipo ujifunze uaminifu. Ukikabidhiwa mchango wa darasa, waulize wenzako kwanza, andika kila senti, kisha uliweke daftari mezani mahali ambapo kila mtu aweza kulisoma.