Ngoma za Marambo na sikio la mwenye usonji

Mavuno yakishaingia ghalani, huku kwetu Marambo, Nachingwea na Ruangwa ni majira ya jando na unyago. Ngoma hulia usiku kucha, na siku hizi spika nazo zimo. Mimi nazipenda. Lakini kwa baadhi ya watu wenye usonji mlio ule unauma kwelikweli, si kudeka. Ubongo wao hauchuji sauti kama wangu: mashine ya kusaga, bodaboda na maongezi huingia kwa mkupuo, vyote kwa nguvu ileile. Ndipo mtoto huziba masikio, hukimbia au hupiga mayowe, nasi twasema kapandwa na mashetani. Wengine humchapa!

Badala ya kumchapa mtoto, mwambie mapema ngoma itaanza lini. Mkalishe mbali na spika, mpe vizibo vya masikio, na awepo shangazi wa kumtoa kabla hajazidiwa. Vizibo asivae kutwa, maana sikio lililozoea kimya huzidi kuwa jepesi. Na wewe mwenye spika, kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2015, ila jirani akikupigia hodi kwa adabu, punguza sauti kabla hajafika kwa mtendaji.