Kipimo cha Kazi ya Siku Sitini

Taarifa za ajira za muda huandikwa karibu zote kwa namna moja: kaya kadha wa kadha, siku kadha wa kadha, shilingi kadha wa kadha. Hatuzidharau hesabu hizo, maana mali ya watu wote haina budi kuhesabiwa. Lakini yatupasa kuuliza zapima nini.

Watu wa Gulwe hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Huko Kongwa, kwa jirani zao, Waingereza walianzisha mwaka 1947 mashamba ya karanga, wakikusudia kufyeka ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zake katika Tanganyika. Ekari zikahesabiwa, matrekta yakahesabiwa, vibarua wakahesabiwa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hata reli ya kutoka Msagali hadi Kongwa ikang'olewa baadaye.

Siku hizi TASAF, iliyoanzishwa mwaka 2000, huwapa watu wa kaya maskini kazi ya ujira, hadi siku 60 kwa mwaka: kuchimba malambo, kupanda miti, kutengeneza barabara za vijiji. Kwetu huku, ambako ghala huwa tupu kabla uwele haujakomaa, ujira huo ni chakula, wala si jambo la kubeza. Ila siku 305 zilizosalia haziandikwi katika daftari lo lote.

Mtu aweza kusema: basi tuwafuate waliofanya kazi hizo, tuone kama wamepata nyingine. (Neno "hana kazi" lenyewe lina matata kwetu, maana hata asiye na ujira huamka alfajiri na jembe begani.) Hilo nalo halitoshi. Huko Kodivaa, Afrika ya Magharibi, baada ya machafuko ya mwaka 2011, vijana walioomba kazi za barabara walizidi nafasi, ikapigwa kura, na wataalamu wakawafuata waliochaguliwa pamoja na walioachwa. Mwaka mmoja na zaidi baada ya kazi ile kwisha, waliochaguliwa hawakuwazidi wenzao kwa kuwa na kazi. Walizidi kidogo kwa pato tu. Wengi wa walioachwa walikuwa wamejitafutia riziki.

Iko hatari nyingine, nayo yagusa dhamiri. Ukimpima msimamizi kwa idadi ya watakaopata kazi baadaye, atachagua vijana wenye nguvu na elimu, ambao wangeipata hata bila yeye, na kumwacha mjane aliyekaa miaka kumi bila ujira. Taarifa yake itang'aa. Wala si lazima awe mtu mbaya. Kipimo ndicho kilichomwelekeza huko.

Mjane yule pengine hatapata ajira nyingine kamwe. Je, siku zake 60 zimepotea? Twakataa. Kama lambo alilochimba lina maji mwezi wa Septemba, kama mbuzi aliyemnunua hakuuzwa wakati wa njaa, kama sasa huitwa kwenye vikao ambavyo zamani hakuitwa, hayo nayo yaandikwe.

Basi twapendekeza jambo dogo. Mwaka ukitimia, mtendaji wa kijiji azirudie nyumba hizo, na nyumba za wale ambao majina yao hayakusomwa, aulize: chakula kitafika lini, mnadaiwa na nani, watoto wako shuleni? Na asianze na vijana.