Haki ya Tumbo

Konda wa daladala Dar es Salaam hula akiwa amesimama mlangoni: chapati mkono mmoja, noti zimebanwa vidoleni mkono wa pili, mdomo umejaa na bado anaita Mbagala. Usiku kiungulia kinamchoma, anatafuna kidonge cha magnesiamu, na ukimuuliza atakwambia ndiyo kazi, tunavumilia. Neno hilo la kuvumilia ndilo ninalolitilia shaka. Tumeligeuza kuwa kama ibada, ilhali mafundisho ya dini yanaelekea kwingine. Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliagiza kwamba chakula cha jioni kikishaandaliwa na sala ikakimiwa, watu waanze na chakula, tena wasikifanyie pupa. Ikiwa sala, nguzo ya dini, humsubiri mtu amalize kula kwa utulivu, abiria wa Mbagala wana haki gani ya kuizidi?

Atajibu mtu kwamba hayo ni maneno ya aliyeshiba: hesabu ya tajiri mwenye gari isipotimia, konda harudi na kitu nyumbani. Ni kweli, na ndiyo maana simlaumu konda. Ila hoja hiyo inamwonyesha tu mdaiwa ni nani; haifuti deni. Mwingine atasema vidonda vya tumbo haviletwi na kazi, na hapo hajakosea sana. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria, Helicobacter pylori, na tiba yake ipo. Anayetapika damu au kupata choo cheusi asingoje insha, awahi hospitali. Lakini kiungulia cha konda kina njia yake: tumbo lililoshindiliwa harakaharaka hulegeza mlango ulio kati yake na umio, asidi ikapanda, na hupanda zaidi akila usiku na kujilaza papo hapo. Kidonge hupoza asidi. Mlo wa mchana hakiurudishi.

Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, inamtaka mwajiri ampe anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano mapumziko yasiyopungua dakika 60. Haikuyaita hisani. Basi tajiri, unapopanga hesabu ya kesho, toa humo saa moja konda wako akae chini na sahani yake.