NENO LA MCHUNGAJI: NGOMA YA SIKU YA ALHAMISI

Masomo: 2 Samweli 6:12-23, Zaburi 137:1-4



Wengi wenu mmesikia maneno yaliyo kati yetu. Kila Alhamisi saa tisa alasiri, wahudumu wa afya wa kijiji, hawa tunaowaita VHT, pamoja na muuguzi mmoja wa kituo cha afya, hukusanya watu chini ya mwembe nyuma ya kanisa. Wanapiga ngoma, wanacheza kama nusu saa, kisha wanakaa, wanaongea, wanakunywa uji, wanarudi nyumbani. Walio wengi ni akina mama waliokimbia mwaka 2025, wakati vita vilipoingia Goma na Bukavu. Sasa pendekezo limefika mbele ya wazee wa kanisa: mwanakwaya atakayeonekana akicheza pale asimamishwe kuimba, na ngoma za kanisa zisitolewe tena. Mkutano wa kuamua utakuwa Jumapili ijayo baada ya ibada. Wazee wameniomba niandike kabla ya siku hiyo, nami naandika bila kuzunguka: mimi napinga pendekezo hilo.

Tuanze na Mikali. Katika chuo cha Biblia tulifundishwa kumhubiri kama mfano wa kiburi. Daudi anacheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote, na mkewe yuko juu dirishani, anamdharau moyoni. Mahubiri yanaishia hapo. Lakini rudi nyuma kidogo, soma sura ya 3, mstari wa 15 na 16. Mikali alikuwa ameolewa na Paltieli, wakaja wakubwa wakamchukua ili arudishwe kwa Daudi, na yule mume akamfuata njiani akilia mpaka Bahurimu, ndipo Abneri akamwamuru arudi. Baba yake Mikali alikufa vitani. Ndugu zake walikufa vitani. Biblia haisemi popote kwamba kuna mtu aliyemuuliza: wewe, binti Sauli, unalalaje usiku?

Siwezi kumtetea kwa dharau yake. Ila nasema hivi: mtu anayeudhika kwa kuona wengine wanacheza, mara nyingine naye ana kilio ambacho hakijapata pa kutokea. Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaokwenda mwembeni, msiwacheke wazee wanaowapinga. Kuna baba katika kanisa hili aliyezika watoto njiani, na ngoma ya mwisho aliyoisikia kule nyumbani ilikuwa ya matanga. Huyo msimwite Mfarisayo.

Wengine wanasema ngoma ni ya kipagani. Basi tufunge kitabu cha Kutoka, maana Miriamu alichukua tari, na wanawake wote wakatoka nyuma yake wakicheza, siku ile ile waliyovuka bahari wakimkimbia Farao. Walikuwa wakimbizi. Hawakuwa na nyumba wala shamba, na chakula cha kesho hawakukijua. Zaburi 149 na 150 nazo zinataja kucheza kati ya njia za kumsifu Bwana. Ubaya uko katika kileo na uasherati vinavyofuatana na ngoma za usiku, na pale mwembeni jua likiwa juu kuna uji tu.

Swali lililo gumu zaidi ni lile la mama mmoja, aliyeniuliza kwa machozi: mimi mjane wa miezi michache, nitachezaje, watu watasema sikumpenda mume wangu? Hapo ndipo inafaa tuelewe wahudumu wa afya wanatafuta nini.

Mtu aliyekimbia risasi, mwili wake huendelea kukimbia hata akiwa ameketi. Moyo unadunda, shingo inakaza, usingizi hauji, mlango ukibamizwa anaruka. Sisi tunasema ana mawazo mengi, na tunamwambia aache kuwaza, kana kwamba ni jambo la kuamua tu. Muuguzi alinieleza hivi: ngoma inaupa mwili huo mwendo mmoja unaotabirika. Pumzi inaanza kwenda kwa utaratibu, miguu inaisikia ardhi, macho yanaona wengine wakifanya kile kile. Tena hakuna anayeulizwa maswali. Wapo kati yetu waliotendewa mambo wasiyoweza kuyatamka mbele ya mtu yeyote, na kila ofisi tunayopita hapa huanza kwa kusema, tueleze yaliyokupata. Chini ya mwembe mtu anaweza kukaa mwezi mzima bila kueleza lolote, na bado amekuwa pamoja na watu.

Si jambo lililobuniwa hapa kwetu. Shirika la Afya Duniani, kule Kongo tulizoea kuliita OMS, lilitoa ripoti mwaka 2019 iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 juu ya sanaa na afya, kucheza kukiwamo. Mwaka 2024 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilikusanya majaribio 218 yenye watu 14,170 waliokuwa na ugonjwa wa huzuni, na kucheza kulikuwa kati ya mazoezi yaliyowapunguzia sana, ingawa majaribio ya kucheza yenyewe yalikuwa machache. Na wale wa Bukavu wanaijua Panzi, hospitali ya kanisa letu la CEPAC, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Mukwege, mwana wa mchungaji, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018. Katika mji huo huo lilifunguliwa mwaka 2011 kao la City of Joy, ambako wanawake walioumizwa vitani walipokelewa kwa mafungu ya watu 90, wakikaa miezi sita. Kucheza kulikuwa sehemu ya matunzo yao, pamoja na mazungumzo na masomo.

Kwa hiyo, mama mpendwa, kulia na kucheza vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Mhubiri 3:4 inavitaja vyote viwili katika mstari mmoja. Kama mwili wako bado unataka kukaa kimya, kaa kimya. Njoo ukae kwenye mkeka, upige makofi, au usipige.

Sasa nawataja hao VHT wenyewe, maana tunawasahau. Ni wakimbizi kama sisi. Asubuhi wanapima mikono ya watoto wenye utapiamlo, mchana wanabeba mjamzito hadi kituoni, jioni wanabisha hodi nyumba yenye msiba. Posho ilipopunguzwa, nao walipunguziwa. Mmoja wao aliniambia kwamba watoto anaowapima mchana huwaona tena usiku akifumba macho. Nilipouliza kwa nini wanacheza pamoja na wagonjwa badala ya kusimama pembeni kama waalimu, alicheka, akasema siku ya Alhamisi yeye pia ni mgonjwa. Mnakumbuka mwaka 2020, wakati wa korona, wauguzi katika nchi nyingi walivyocheza ule wimbo wa Afrika Kusini, Jerusalema, uani mwa hospitali wakiwa wamevaa nguo za kazi? Watu walidhani ni mchezo. Wale walikuwa wanakufa pamoja na wagonjwa wao, na wakajikaza kwa namna hiyo. Hata mikono ya Musa ilichoka, ikabidi Haruni na Huri waishike (Kutoka 17:12).

Zaburi 137 nayo ina neno kwa ajili yetu. Wale wa Babeli walitundika vinubi vyao mitini kwa sababu waliowateka walitaka kuburudishwa. Sisi tunalijua hilo. Magari meupe yakiingia, akina mama huitwa wakatiwe foleni, wacheze, wapigwe picha, kisha wageni waende zao. Aliyekataa kucheza siku hiyo hakutenda dhambi. Ngoma ya wageni na ngoma ya Alhamisi ni mbili, na tusiziruhusu zichanganyike.

Nasema pia kwamba ngoma haichukui nafasi ya dawa. Mtu anayesikia sauti, au asiyekula siku nyingi, au anayesema afadhali afe, asingoje Alhamisi. Mpelekeni kituoni siku hiyo hiyo, mmoja wenu alale naye, na msimfunge kamba mkisema ni pepo. Tutaomba naye huko huko kituoni.

Jumapili nitaleta haya mbele ya mkutano: mwanakwaya asisimamishwe kwa sababu ya Alhamisi, ngoma mbili za kanisa zitolewe, zirudi kabla ya giza, pasiwe na simu ya kupiga picha chini ya mwembe, hata ya mgeni, mtu asilazimishwe kucheza, walio na mguu mmoja au mgongo mbovu wawekewe viti mbele, si nyuma. Wazee wenye neno la kupinga wapewe nafasi ya kusema kwanza, na wasikatizwe.

Kwa Alhamisi hii, kabla ya uamuzi, VHT wameomba kuni na sukari ya uji. Aliye na kikombe cha sukari akipeleke kwa mama mweka hazina. Ufunguo wa chumba cha ngoma uko kwake.