Kikombe na Ushirika

Ndugu walimu, nanyi vijana mnaojifunza lugha hii pamoja nasi, leo hatukusudii kuzungumzia ngeli wala vina. Tunakusudia kulichunguza swali moja la maisha, ambalo kijana tuliyemfundisha zamani ametuletea kwa barua kutoka Ujerumani. Swali lenyewe ni hili: Je, anayekataa kikombe amewakataa na wenzake?

Kijana huyo alikwenda kusoma katika jimbo la Bavaria, mjini Bayreuth, ambako Kiswahili hufundishwa chuoni na wataalamu wa lugha yetu wamekuwa wakikutana kwa miaka mingi. Masomo ya kule huanza mwezi wa Oktoba. Kwa hiyo mgeni huwasili katika majira ambayo majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, mavuno yamekwisha kuingizwa ghalani, na sherehe zimetapakaa kila upande. Wengine huyaita majira hayo vuli, ingawa vuli tuijuayo sisi ni mvua, wala si kupukutika kwa majani.

Sherehe iliyo kubwa kupita zote ni ile ya Munich, iitwayo Oktoberfest. Asili yake ni arusi. Tarehe 12 Oktoba 1810, Ludwig, mwana wa mfalme wa Bavaria, alimwoa binti aitwaye Therese, na wakazi wa mji wakaalikwa kushangilia. Siku tano baadaye yakafanyika mashindano ya farasi katika uwanda uliokuwa nje ya mji. Uwanda huo ulipewa jina la bibi arusi, na mpaka leo sherehe hufanyika papo hapo, kuanzia Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba. Mwaka 2023 wageni waliohesabiwa walizidi milioni 7. Bia huletwa mezani katika kikombe cha kioo chenye ujazo wa lita 1, na watu hukaa katika mahema makubwa, bega kwa bega, mgeni na mwenyeji.

Kijana wetu alichukuliwa huko na wenzake wa bwenini, hata mwezi mmoja haujatimia tangu awasili. Hakuwa mtu asiyeijua pombe. Kabla ya kusafiri alikuwa ameinywa hata ikakaribia kumnywa yeye. Alipoteza mwaka mzima wa masomo, na mama yake akauza ng'ombe ili aanze upya. Siku ile ng'ombe alipotolewa zizini, kijana aliapa kuiacha. Basi kule hemani akaagiza maji ya tufaha. Bendi ilipopiga wimbo wa kuinuliana vikombe, watu wakasimama juu ya mabenchi, naye akasimama akainua chake. Mwenzake mmoja akasema kwa mzaha kwamba kumbe wamekuja na mtoto. Akacheka pamoja nao. Lakini usiku ule hakupata usingizi, na kesho yake akatuandikia: "Nilikuwa mwenzao, au nilikuwa mtazamaji wao?"

Tuliisoma barua hiyo walimu wanne, jioni, tukiwa tumezunguka meza moja, na hatukukubaliana. Yatupasa kukiri pia kwamba juu ya meza hiyo palikuwa na chupa.

Mmoja wetu alikumbusha methali isemayo kwamba mkataa wengi ni mchawi. Wa pili akaongeza kwamba ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Hoja zao si za kupuuzwa. Katika nchi zetu, hasa Rwanda na Burundi, pombe ya mtama na ya ndizi imekuwa kama lugha ya pili ya ujirani. Mahari hayazungumzwi pakavu, na wagomvi hupatanishwa mbele ya mtungi mmoja wenye mirija mingi. Tena desturi humtaka mwenyeji aonje kwanza, ili mgeni aone kuwa hamna sumu. Kwa hiyo anayekataa baada ya mwenyeji kuonja ni kana kwamba anasema: Bado sikuamini. Hapo tunaelewa kwa nini wahenga walimwita mchawi.

Lakini hebu tuitazame desturi hiyo kwa makini zaidi. Mwenyeji alionja kwa ajili gani? Si kwa ajili ya pombe. Alionja ili kumwondolea mgeni hofu, na kumwonyesha kuwa uhai wake una thamani katika nyumba ile. Kikombe kilikuwa dalili, na kilichokusudiwa ni amani ya mgeni. Sasa akija mgeni ambaye kwake pombe yenyewe ndiyo sumu, mwenyeji anayeishika desturi kwa maana yake atafanya nini? Bila shaka atampa kinywaji kingine. Na yule anayemlazimisha ameishika dalili, lakini ameitupa maana.

Rwanda husherehekea Umuganura, sikukuu ya mavuno, Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Katika sikukuu hiyo watoto hunyweshwa maziwa, na watu wazima hunywa pombe ya mtama. Vyombo ni viwili, sherehe ni moja, na hakuna athubutuye kusema kwamba anayekunywa maziwa si wa nyumba ile. Mtu aweza kujibu: Naam, lakini huyo ni mtoto, na ndivyo kijana wetu alivyoitwa kule Munich. Hapa ndipo palipo na kiini cha jambo. Vijana wengi hunywa si kwa kiu wala kwa kupenda ladha, bali kwa sababu wamefundishwa kwamba kikombe ndicho mlango wa utu uzima. Sheria ya Ujerumani humruhusu kijana wa miaka 16 kununua bia, na nchini Marekani hana budi kungoja mpaka 21. Tofauti hiyo peke yake yatuonyesha kwamba umri wa kunywa ni mapatano ya watu. Tena ruhusa si amri. Mtoto hunywa maziwa kwa kuwa ndiyo aliyopewa. Kijana wetu aliweza kuagiza bia, akajua kwa nini haagizi, akavumilia mzaha. Kama huo si utu uzima, hatujui utu uzima ni nini.

Wa tatu kati yetu alishauri njia ya katikati: anywe, lakini kwa kiasi. Neno kiasi ni tamu, nasi walimu tunalipenda. Ila kiasi hutaka kipimo. Bia ya sherehe ile huwa na kileo cha takriban asilimia 6, maana yake kikombe kimoja cha lita 1 kina karibu gramu 47 za kileo halisi. Mwili wa mtu huweza kuondoa gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa. Basi kikombe kimoja tu ni kazi ya saa tano au zaidi, na mezani watu hawangoji saa tano kabla ya kuagiza cha pili. Tena kipimo cha mnywaji ni akili yake, na pombe huanza kwa kukilegeza kipimo hicho hicho. Januari 2023, ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha kileo kisicho na madhara yoyote kwa afya. Hatusemi hayo ili kumhukumu kila anayekunywa, tungejihukumu wenyewe. Twasema tu kwamba ushauri wa "kidogo tu" haumfai kila mtu. Kuna wasemao methali ile ya chongo kwa neno "fumba" badala ya "vunja". Jicho lililofumbwa hufumbuliwa kesho yake. Kwa yule aliyekwisha kuumwa na pombe, kikombe kimoja chaweza kuwa si kufumba, bali ni kuvunja.

Hata hivyo, asiyekunywa naye ana wajibu. Akikaa pembeni kuhesabu vikombe vya wenzake, akiweka sura ya hakimu, naye amelewa: amelewa wema wake. Mtu wa namna hiyo kweli amewakataa wenzake, hata kama hakuna aliyempa kikombe. Ushirika hudai uso mchangamfu, masikio na muda. Hivyo vyote kijana aweza kuvitoa akiwa na maji mkononi.

Na hapa tunarudi kwenye barua yenyewe, kwa maana ina jambo ambalo hatujalitaja. Mwishoni, kwa mistari miwili, kijana aliandika kwamba usiku ule, kituoni, yule mwenzake aliyemwita mtoto alitapika na kuanguka, na koti lake likapotea. Alimwinua, akamvika koti lake mwenyewe kwa sababu ya baridi, akawatafutia wenzake wote treni ya kurudi, akakesha macho wasipitilize kituo chao. Aliyaandika hayo kama jambo dogo, kisha akauliza kama alikuwa mwenzao.

Wa nne kati yetu, ambaye jioni nzima hakuwa amesema neno, aliisoma mistari hiyo kwa sauti mara mbili. Mabishano yakakoma. Tulimwandikia kijana usiku ule ule, kwamba alikuwa mwenzao, na kwamba pengine katika saa ile ya kituoni hawakuwa na mwenzao mwingine.

Nasi imetupasa kujiuliza swali letu wenyewe. Katika karamu za kuwaaga wanafunzi wetu, tumezoea kuweka chupa katikati ya meza, na maji pembezoni, kama kitu cha wagonjwa. Anayeomba maji huulizwa anaumwa nini. Swali hilo dogo limemfanya kijana gani ainue kikombe asichokitaka? Hatuwezi kumhesabu, kwa kuwa hakutuambia. Tumekubaliana kwamba katika karamu ijayo maziwa na sharubati vitawekwa katikati pamoja na vinywaji vingine, na kwamba hakuna mgeni atakayeulizwa sababu ya alichochagua. Ni jambo dogo, na twawaomba walimu wenzetu wa Kigali, Bujumbura, Kampala na Bukavu walijaribu nao.