Mkono wa Askari Una Mpaka

Maandiko: Luka 3:10-14, Kutoka 22:1-4, Kumbukumbu la Torati 25:1-3

 

Ujumbe wa Jumapili hii haukuwa wa kupigiwa makofi. Ibada ya kwanza watu walinyamaza, na nyinyi mnajua kanisa hili kunyamaza si kawaida yake. Lakini nimeombwa na wengi uchapishwe wote, hata sehemu zile zilizowasha, kwa hivyo nauleta kama ulivyokuwa.

Tuanze pale Yordani. Yohana anahubiri, watu wanamuuliza wafanye nini sasa kwa kuwa wametubu. Umati unajibiwa. Watoza ushuru wanajibiwa. Halafu wanakuja askari, nao wanauliza swali lile lile. Angalia vizuri: Yohana hakuwaambia waache kazi. Hakusema kazi ya kushika rungu ni ya shetani. Aliwapa mambo matatu tu: wasimdhulumu mtu kwa nguvu, wasimsingizie mtu, na watosheke na mshahara wao.

Sasa sisi Wakenya tukisema askari hatumaanishi polisi peke yake. Askari ni yule wa geti la ploti. Ni soja wa benki. Ni yule amesimama mlangoni pa supamaketi kutoka asubuhi hadi usiku, anapapasa mifuko na kuweka alama kwenye risiti. Katika kanisa hili nimehesabu wanaume na akina mama kumi na saba wanaofanya kazi hiyo, na wengine wako zamu saa hii tunapoabudu. Kwa hivyo Luka 3:14 ni andiko lenu, ndugu zangu. Ni andiko la kazi yenu.

Nitasema kilichonifanya nilifungue. Mama mmoja wa ushirika wetu alikuja ofisini siku ya kazi, na amenipa ruhusa niseme bila jina. Kijana wake wa miaka kumi na tisa alishikwa akitoka dukani na sabuni na pakiti mbili za maziwa ya unga ndani ya koti. Thamani yake haikufika shilingi elfu moja. Vitu vilitolewa, vikawekwa kaunta. Halafu kijana akapelekwa stoo ya nyuma. Huko alipigwa na walinzi watatu kwa rungu na kwa mpaipu, akapigwa picha akiwa ameshikilia zile pakiti, akaambiwa apigie nyumbani waletewe elfu kumi ndio aachiliwe. Mama alikopa, akatuma. Alipomwona mwanawe, mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Aliniambia maneno ambayo sijayamaliza moyoni. Alisema, "Pasta, mtoto wangu aliiba. Hilo sikatai, na nimeaibika. Lakini huu mkono alikuwa anabebea mawe kwa mjengo. Sasa atalipa na nini?"

Wengi hapa mngetaka nihubiri juu ya mtu aliyesingiziwa. Hiyo ni rahisi. Hata mimi ningependa hiyo, kwa sababu asiye na hatia tunamhurumia bila kujikaza. Lakini huyu aliiba kweli. Na barabarani tuna msemo wetu, ati mwizi hana haki. Hebu tuone kama Mungu anasema hivyo.

Kutoka 22. Mwizi akikutwa anavunja nyumba usiku, akapigwa akafa, aliyempiga hana damu juu yake. Lakini kama jua limechomoza, Torati inasema kuna damu. Mwizi ni yule yule, nyumba ni ile ile. Tofauti ni jua. Kwa nini? Usiku huoni. Hujui kama ana panga au yuko na wenzake, watoto wamelala chumba cha pili, na wewe una nukta moja ya kuamua. Mungu anaelewa hofu ya mtu gizani. Lakini mchana unamwona, unaweza kumshika, unaweza kuita majirani. Hofu imeisha. Ukiendelea kupiga hapo hujilindi tena. Unajifurahisha.

Sasa niambie, ndugu, kuna mahali pana mwanga kuliko supamaketi? Taa kila rafu, kamera kila kona, walinzi watatu juu ya kijana mmoja asiye na hata wembe, na maziwa yako yamerudi kaunta. Jua limechomoza, soja! Limechomoza kitambo! Kila rungu linaloshuka baada ya hapo, Torati imeshasema linaanza kuhesabiwa upande wa nani.

Na usikimbie andiko kabla halijaisha. Baada ya habari ya jua linasema mwizi lazima alipe. Kama hana kitu, anauzwa autumikie ule wizi. Nataka uone alivyo na akili Mungu wetu: anataka mwizi alipe, na ili alipe lazima awe hai, awe na mikono. Mungu anamtetea mwenye duka kuliko rungu linavyomtetea. Yule mama hajasoma chuo cha biblia, lakini swali lake limetoka moja kwa moja katika Kutoka 22.

Kuna kiboko katika Biblia? Kipo. Sitawadanganya. Fungua Kumbukumbu la Torati 25. Wawili wanaogombana wanakuja mahakamani. Mwamuzi anasikiliza. Akionekana mwenye kosa anastahili kupigwa, analazwa mbele ya mwamuzi, macho ya mwamuzi yakiona, kwa hesabu, kulingana na kosa. Na hesabu haipiti arobaini. Sababu imeandikwa: ukizidisha, ndugu yako atakuwa kitu cha kudharauliwa machoni pako.

Sisi Waswahili tunajua arobaini moja tu. Siku za mwizi ni arobaini! Tunaisema tukicheka, mtu akishikwa tunasema arobaini zake zimefika. Kumbe Mungu naye aliandika arobaini yake, na hiyo hakumwandikia mwizi, alimwandikia mwenye fimbo. Wayahudi waliiogopa hiyo hesabu hivi kwamba walikuwa wanapiga thelathini na tisa, wasije wakakosea kuhesabu wakapita. Paulo anasema katika 2 Wakorintho 11 kwamba alipigwa hivyo mara tano. Watu waliomchukia Paulo, waliomwona mpotoshaji, hata wao walihesabu. Stoo ya nyuma ni nani anahesabu?

Na kwa nini stoo? Jiulize. Kamera ziko kwenye rafu, wateja wako kwenye rafu, mwanga uko kwenye rafu. Kama unachofanya ni haki, si ukifanyie hapo watu wakuone? Mtu anapelekwa nyuma kwa sababu nyuma hakuna mwamuzi. Halafu angalia neno ambalo Torati imetumia kwa huyu aliyehukumiwa, aliyelala chini anapigwa. Bado inamwita ndugu yako.

Sasa kwa wale wanaosema, "Pasta, mimi nikipapasa nikapata kitu, si ushahidi ndio huo?" Soma Mwanzo 44. Kikombe cha fedha kilipatikana wapi? Katika gunia la Benyamini. Kilipatikana kweli, mbele ya mashahidi, baada ya magunia kupekuliwa kuanzia la mkubwa hadi la mdogo. Na Benyamini hakuwa ameiba. Kilitiwa humo kwa amri ya Yusufu. Kama msimamizi wa Yusufu angekuwa na rungu na hasira za wiki nzima, Yakobo angezika mtoto wa pili.

Mambo kama hayo hayajabaki Mwanzo. Tarehe 16 Machi 1991, mjini Los Angeles kule Marekani, msichana wa miaka 15 aitwaye Latasha Harlins aliingia duka akachukua chupa ya maji ya machungwa ya dola 1.79, akaitia kwenye mkoba wake wa mgongoni, akaelekea kaunta. Mwenye duka alimshika akidhani anaiba. Wakavutana. Latasha akaiweka ile chupa juu ya kaunta, akageuka aende zake, akapigwa risasi kichwani kwa nyuma. Polisi walikuta dola mbili mkononi mwake. Pesa ya kulipa ilikuwa mkononi, wapendwa. Baraza la wazee wa mahakama lilimpata muuaji na hatia, lakini jaji hakumpeleka jela. Alimpa kipindi cha uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 500.

Turudi kwetu. Nataka kusema na nyinyi mnaofanya hii kazi, kwa sababu mnaweza kudhani pasta anazungumza tu mambo ya mbinguni. Sheria ya Kenya pia imeweka mpaka. Kifungu cha 34 na 35 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinakuruhusu wewe, raia, kumkamata mtu anayeiba mbele ya macho yako. Ni haki yako. Lakini kinakutaka umkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Hakijataja stoo. Hakijataja elfu kumi. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 50, inasema mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe, na Kifungu cha 25 kinasema hakuna sababu yoyote inayoweza kuhalalisha kumtesa au kumdhalilisha mtu. Tena pima hili: wizi wa kawaida, kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu, ni kifungo cha hadi miaka 3. Kumpiga mtu na kumuumiza, kifungu cha 251, ni hadi miaka 5. Na ukimjeruhi vibaya sana, kifungu cha 234 kinafika hadi kifungo cha maisha. Kwa hivyo soja, unamshika mwizi wa miaka 3, halafu kwa mkono wako mwenyewe unajipa miaka 5. Na siku ya kesi meneja hatakuwa hapo. Atasema hakukutuma.

Nikigusa meneja, acha niseme na wenye maduka pia, maana mko hapa na sadaka zenu tunapokea. Mlinzi mmoja wa kanisa hili, wa duka lingine kabisa, aliniambia anavyoishi. Kitu kikipotea kwa rafu, kinakatwa kwa mshahara wao. Mwezi mmoja alipeleka nyumbani nusu. Akaniambia, "Pasta, nikimwona mtu ameficha sukari, mimi sioni sukari. Naona karo ya mtoto wangu inatoka mlangoni." Jameni, huyo mtu utamwambia asikasirike aje? Yohana aliwaambia askari watosheke na mshahara wao, lakini hiyo inataka mshahara uwepo. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na Bwana wa majeshi anasikia. Ndugu mwenye duka, ukikata mshahara wa mlinzi kwa wizi wa mtu mwingine, umemnoa kama panga halafu ukamwachilia mlangoni. Tangu 2016 tuna sheria ya walinzi wa kibinafsi inayotaka wasajiliwe na wafunzwe. Uliza kampuni unayoilipa kama wako wamefunzwa lolote zaidi ya kupiga saluti.

Na sisi wengine, wanunuzi. Tuko kwa foleni, tunasikia mtu analia huko nyuma, tunaendelea kupanga unga kwenye toroli. Au tunatoa simu turekodi. Bwana wetu mwenyewe alipigwa kofi na askari wakati wa kuhojiwa, Yohana 18, kabla ya hukumu yoyote. Akamuuliza yule askari: kama nimesema vibaya, onyesha hilo baya, kama sivyo, unanipigia nini? Hilo swali mtu wa kanisa anaweza kuliuliza kwa upole kabisa, amesimama hapo na mkate wake mkononi. "Ndugu, polisi wameitwa?" Maneno matatu. Uliza, halafu usiondoke mpaka wafike. Mtu akiona kuna macho, mkono hushuka.

Kijana wetu hatujamficha chini ya zulia. Ametubu mbele ya mama yake na mbele yangu, na Waefeso 4:28 tumeisoma pamoja: aliyeiba asiibe tena, afanye kazi kwa mikono yake. Thamani ya vile vitu imerudishwa kwa duka, kando na ile elfu kumi, ambayo ni habari nyingine na iko kwa polisi. Nambari ya OB imechukuliwa, fomu ya P3 imejazwa na daktari. Wapo walioniambia kanisa lisiingilie, ati tutaonekana tunatetea wezi. Nimewajibu kwamba tumemtaka alipe cha mtu, na tumewataka waliomvunja mkono nao wajibu mbele ya mwamuzi. Ni Torati ile ile, kurasa zile zile.

Mzee wa idara ya ustawi anakusanya mchango wa hospitali, kwa sababu chuma kitakaa kwenye huo mkono kwa miezi. Na Alhamisi hii saa kumi na mbili unusu jioni, nakutana na walinzi wote wa ushirika huu. Walio zamu ya usiku nitawaona Ijumaa asubuhi wakitoka kazini, chai itakuwepo. Wakili mmoja wa kanisa atakuja kuwaeleza jinsi ya kumkamata mtu, kumkabidhi polisi na kuandika taarifa, na jinsi ya kumjibu mkubwa anayekuambia umpeleke nyuma. Njooni na rungu zenu kama mnatoka nazo kazini. Tutaziombea pia, pamoja na mikono inayozishika.